Mali bila Daftari: Nakala ya Filamu, Utiririshaji na Hatima ya Uhakiki

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi andishi huanza kazi yake akiwa na kitabu mkononi. Jambo hili ni la kawaida mno hivi kwamba ni nadra kutajwa katika mijadala ya nadharia. Anapourejelea ukurasa fulani wa riwaya, msomaji wake anaweza kuufungua ukurasa uo huo, akayasoma maneno yayo hayo, kisha akakubaliana naye au akampinga. Uhakiki wote, uwe wa kimuundo, wa Kimarx au wa kifeministi, umejengwa juu ya dhana kwamba matini imetulia mahali fulani, na kwamba watu wengi wanaweza kuirudia bila ya kumwomba ruhusa aliyeitunga wala aliyeichapisha.

Filamu ilichelewa kuipata hadhi hiyo. Kwa miongo mingi mtazamaji alinunua tiketi, akaingia katika jumba la sinema, akatoka na kumbukumbu tu. Kanda za video zilizoenea katika miaka ya 1980, na baadaye diski za VCD na DVD, ndizo zilizompa mtazamaji wa kawaida, na pia mwalimu wa chuo, uwezo wa kuisimamisha filamu, kuirudisha nyuma na kuitazama upya jinsi msomaji anavyourudia ubeti. Hadhi hiyo sasa imo hatarini. Utiririshaji, yaani utazamaji wa filamu inayoletwa kupitia intaneti pasipo nakala kubaki mikononi mwa mtazamaji, umekuwa njia kuu ya kuzifikia filamu nyingi. Mfano ulio wazi ni wa Netflix. Kampuni hii ilianza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta nchini Marekani, ikaanza kutiririsha mwaka 2007, ikafika Kenya Januari 2016, na ikaifunga huduma yake ya diski tarehe 29 Septemba 2023.

Makala haya yanadai kwamba mabadiliko haya si ya chombo pekee. Swali la nani anamiliki nakala ni swali la kihakiki kabla ya kuwa la kibiashara, kwa sababu nakala iliyo nje ya mamlaka ya mwenye kazi ndiyo shahidi wa jinsi matini ilivyokuwa. Asipokuwapo shahidi huyo, mhakiki hubaki akiichambua kazi ambayo mwenyewe anaweza kuibadilisha au kuiondoa kabla uchambuzi haujachapishwa.

Kununua, Kukodi na Kuazima

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili hupambanua kwa uangalifu kati ya kununua, kukodi na kuazima. Aliyenunua kitu anaweza kukiuza, kukitoa hiba, kukirithisha au kukiweka wakfu. Aliyekodi hulipa ili akitumie kwa muda. Aliyeazima hukitumia kwa hisani ya mwenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki tofauti hizi zimeandikwa hata ndani ya vitabu: baadhi ya miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ina maandishi yanayotangaza kwamba kitabu ni wakfu. Maandishi hayo humweleza kila anayekifungua kwamba nakala hiyo ina hali yake kisheria na kwamba haiwezi kuondolewa kiholela.

Maduka ya mtandaoni yamezivuruga tofauti hizo. Mteja huonyeshwa neno lenye maana ya kununua, lakini mkataba anaoukubali humpa idhini tu ya kutazama, na idhini hiyo inaweza kukoma. Desemba 2023 kampuni ya Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvinunua vingeondolewa kwa sababu ya masharti ya leseni. Baadaye mwezi huo huo uamuzi ulisitishwa kufuatia makubaliano mapya, lakini wateja walikuwa wamekwisha kujua hali halisi ya mali yao. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wasitumie neno la kununua bila kueleza bayana kwamba kinachotolewa ni leseni. Bunge lililazimika kufanya kazi ya kamusi.

Ni muhimu hapa kutofautisha umiliki wa kazi na umiliki wa nakala. Anayenunua riwaya hawi mtunzi wake. Hana haki ya kuichapisha wala kujiita mwandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi kwa namna hiyo, na ni haki. Hata hivyo, sheria hiyo haimpi mtunzi idhini ya kuingia nyumbani mwa msomaji na kukichukua kitabu rafuni. Baina ya mwenye kazi na mpita njia palikuwapo mtu wa tatu, naye ni mwenye nakala. Utiririshaji unamwondoa mtu huyu wa tatu, na wahakiki, walimu na maktaba wote wamo katika kundi lake.

Je, Utiririshaji ni Fasihi Simulizi Mpya?

Kuna hoja inayoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu, na inastahili kujibiwa kwa makini na yeyote anayefundisha fasihi ya Kiafrika. Hoja yenyewe ni kwamba kuililia nakala ni kuutukuza utamaduni wa maandishi. Ngano haikuwa na nakala. Ilitambwa usiku, ikatoweka ilipokwisha, na kila utambaji ulikuwa mpya. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usimulizi na maandishi, alieleza kwamba vyombo vya elektroniki vilikuwa vimeleta usimulizi wa awamu ya pili. Kwa mujibu wa hoja hii, utiririshaji ungekuwa ni kurejea nyumbani, na mtazamaji wa leo angekuwa hadhira ya zamani iliyoketi mbele ya skrini badala ya moto.

Hoja hii inavutia lakini haisimami. Hadhira ya ngano haikuondoka mikono mitupu. Iliondoka na ngano yenyewe, pamoja na ruhusa na uwezo wa kuitamba kwingine. Bibi alipofariki, hadithi zake zilibaki kwa wajukuu. Kila msikilizaji alikuwa nakala. Mtazamaji wa filamu inayotiririshwa, kinyume chake, huondoka na kumbukumbu ya kazi bila ya kazi yenyewe, na mkataba pamoja na kufuli za kiufundi humzuia kuipeleka mbele. Fauka ya hayo, fanani aliyeibadilisha ngano aliibadilisha mbele ya hadhira, nayo ikamwitikia, ikamsahihisha au ikamcheka. Kampuni huibadilisha filamu hadhira ikiwa haipo. Kwa hiyo utiririshaji umechukua udhaifu wa usimulizi, ambao ni kutoweka kwa utendaji, na kuiacha nguvu yake, ambayo ni kuenea kwa umiliki.

Kwa hakika, ikiwa pana usimulizi wa awamu ya pili katika sinema ya Afrika Mashariki, ulizaliwa na nakala. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, pamoja na wasimulizi wanaojulikana kama VJ nchini Uganda, walizichukua filamu za kigeni na kuzipa sauti mpya juu ya sauti ya asili. Hawakutafsiri mazungumzo tu. Waliwapa wahusika majina ya mtaani, wakawakejeli wabaya, wakaeleza yatakayotokea na kuyalinganisha matukio ya Hong Kong au Los Angeles na maisha ya hadhira yao. Ufundi huo ulihitaji kanda au diski inayoweza kusimamishwa, kurudiwa na kuwekewa sauti. Ni kweli kwamba kazi nyingi za aina hii zilifanywa bila idhini ya wenye hakimiliki, na tatizo hilo halifai kufichwa. Lakini mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kukana kwamba huo ni utanzu, na kwamba utanzu huo usingezaliwa katika mfumo ambao mtazamaji hana nakala ya kushika.

Ushahidi wa Nakala Zilizotawanyika

Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe ni historia ya nakala zilizotawanyika. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa mwaka 1858 ulitungwa kwa ajili ya binti yake. Umefika katika madarasa ya vyuo vikuu kwa sababu ulinakiliwa na kuhifadhiwa majumbani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tendi nyingi watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Tofauti za beti na maneno baina ya miswada ya Al-Inkishafi, ambayo Hichens aliichapisha mwaka 1939, ndizo zilizowawezesha wahariri waliofuata kuuliza ni neno lipi lililokuwa la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na ni lipi la mnakili. Lau pangalikuwapo mswada mmoja tu katika sanduku la mtu mmoja, swali hilo lisingeulizika.

Filamu ina ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1922 mwelekezi Mjerumani F. W. Murnau alitoa Nosferatu, filamu iliyotokana na riwaya ya Dracula ya Bram Stoker bila idhini ya familia yake. Mjane wa Stoker alishtaki na kushinda, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala za filamu hiyo ziteketezwe. Kisheria mjane huyo alikuwa na haki. Hata hivyo, baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka, na ndizo zilizoiokoa kazi ambayo leo ni nguzo ya somo la historia ya sinema. Lau filamu hiyo ingalikuwa inatiririshwa kutoka chanzo kimoja, amri hiyo ingalitekelezwa yote kwa siku moja.

Mfano wa pili unahusu Afrika. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960, vikiwamo vya tamthilia ya Doctor Who, ili kanda zitumiwe tena. Mwenye kazi ndiye aliyeipoteza kazi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vilikuwa vimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria, ambako nakala zilikuwa zimesahauliwa tangu zilipopelekwa kuonyeshwa. Katika mifano yote miwili, kilichoihifadhi matini ni kutojulikana kwa mwenyewe mahali nakala zilipo, wala si uangalifu wake.

Matini Isiyotulia

Yamkini itasemwa kwamba filamu zinazopotea ni chache na kwamba nyingi zimo salama katika hazina za kampuni. Lakini upotevu si hatari pekee. Filamu ya Star Wars ya George Lucas ilipotoka mwaka 1977, mhusika Han Solo anaketi mezani katika kilabu cha pombe akielekezewa bunduki na Greedo, aliyekuja kumkamata kwa ajili ya deni. Han anampiga risasi chini ya meza na kumwua kabla mwenzake hajafyatua. Katika toleo lililorekebishwa la mwaka 1997 Greedo ndiye anayefyatua kwanza na kukosa. Filamu ilipoingia katika huduma ya Disney+ Novemba 2019, tukio hilo lilikuwa limebadilishwa kwa mara nyingine.

Badiliko hilo la nukta chache linagusa kiini cha usawiri wa mhusika. Han wa mwaka 1977 ni mlanguzi asiyesubiri haki, na ukuaji wake hadi kuwa mtu anayerudi kuwaokoa wenzake una umbali wa kupimika. Han wa mwaka 1997 ni mtu anayejitetea tu, na safari yake ya kimaadili imefupishwa tangu mwanzo. Lucas alikuwa na haki ya kuirekebisha kazi yake, kama vile mshairi anavyoweza kurekebisha diwani. Lakini mhakiki anajua kwamba pana matoleo mawili kwa sababu watu walikuwa na kanda za zamani majumbani mwao.

Mfano wa mwaka 2023 ni mzito zaidi kwa kuwa ulifanyika kimyakimya. Juni mwaka huo watazamaji waligundua kwamba filamu ya The French Connection ya mwaka 1971, katika huduma za mtandaoni ikiwamo Criterion Channel, ilikuwa imekatwa sehemu fupi ambamo mpelelezi Popeye Doyle hutamka maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi. Watazamaji hawakuwa wamepewa tangazo lolote. Kwa msomaji wa Kiafrika jambo hili si dogo. Ubaguzi wa Doyle ni sehemu ya hukumu ambayo filamu inampitishia polisi huyo. Ukiondolewa, mtazamaji hubaki na shujaa mkali lakini safi. Tusi halikufutwa duniani, ila ushahidi wake umefutwa katika kazi ya sanaa iliyouonyesha. Waliogundua waliweza kuthibitisha dai lao kwa kulinganisha na nakala za diski. Mwanafunzi anayeiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza mtandaoni, akaandika tasnifu juu ya usawiri wa polisi, angefikia hitimisho tofauti kwa nia njema kabisa, na mtahini wake asingeweza kumwonyesha kosa bila diski.

Upande wa Pili wa Hoja

Haifai kuugeuza umiliki wa nakala kuwa ibada. Kanda huota ukungu, hasa katika unyevu wa pwani; diski hukwaruzika na mashine za kuzichezesha huadimika. Aidha, katika miji mingi ya Afrika Mashariki sehemu kubwa ya nakala zilizouzwa mitaani zilikuwa za wizi, na msanii hakupata chochote. Utiririshaji umewafikishia watazamaji wa nje filamu ambazo zisingepata msambazaji wa diski, na umewapa baadhi ya watayarishi malipo halali. Tamthilia ya Country Queen, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix Julai 2022, iliwafikisha wahusika wanaochanganya Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za Kenya mbele ya hadhira ya mataifa mengi kwa siku moja.

Manufaa haya ni ya kweli, lakini yote yanahusu ufikiaji. Hakuna hata moja linalohusu udumu. Filamu ya Crater, iliyotayarishwa kwa ajili ya Disney+ na kutolewa Mei 2023, iliondolewa mwishoni mwa Juni mwaka huo, kabla wiki 8 hazijatimia, ikarudi baadaye kwa njia ya mauzo ya mtandaoni. Kazi iliyogharimu mamilioni iliweza kutoweka kwa sababu za kihasibu. Ikiwa hilo linaweza kuikuta filamu ya kampuni tajiri, hakuna msingi wa kudhani kwamba filamu ya Nairobi au ya Dar es Salaam itahurumiwa leseni yake itakapokwisha.

Athari kwa Sinema ya Afrika

Sinema ya Afrika ina sababu ya pekee ya kulitazama suala hili kwa wasiwasi. Living in Bondage ya mwaka 1992, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa mwanzo wa Nollywood, iliuzwa kwa kanda za video moja kwa moja kwa watazamaji. Filamu za Kiswahili za Tanzania zilizompa umaarufu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, zilienea hadi Kenya na Kongo kwa diski. Soko hilo lilikuwa na kasoro zake, lakini liliacha maelfu ya nakala katika nyumba za watu. Kazi inayotolewa kwa utiririshaji pekee haiachi chochote nyumbani.

Pana pia suala la udhibiti. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini Kenya Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu, ili itimize masharti ya kuwania tuzo nje ya nchi. Watazamaji walijaa katika majumba ya sinema wakijua kwamba muda ulikuwa unahesabiwa. Msimamo wowote mtu atakaouchukua juu ya maudhui ya filamu hiyo, siku hizo 7 zinaonyesha hali ya kazi inayotegemea idhini pekee: hadhira inaweza kuwapo na matini isiwepo kesho yake. Utiririshaji hurahisisha hali hiyo, kwa kuwa anayetaka kuizuia kazi hahitaji kuwasaka wenye nakala. Anahitaji kuzungumza na mmoja tu anayeushika mfereji.

Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba tofauti kati ya kumiliki nakala ya filamu na kuitiririsha si ya ladha wala ya kizazi. Inahusu uwezekano wa kuthibitisha, na bila uthibitisho uhakiki hugeuka kuwa maoni. Idara zinazofundisha filamu pamoja na fasihi zina wajibu wa aina tatu. Kwanza, tasnifu na makala yataje toleo lililotazamwa, mwaka wake, chombo chake na tarehe ya kutazamwa, kama vile mhariri wa utendi anavyotaja mswada. Pili, maktaba za vyuo zinunue nakala halali za kudumu za filamu zinazofundishwa, wala zisiridhike na usajili wa mtandaoni. Tatu, watayarishi wa humu nchini waombwe waweke nakala moja chuoni, kwa mkataba unaolinda hakimiliki yao na kuruhusu matumizi ya utafiti. Filamu kama Saikati ya Anne Mungai ya mwaka 1992 na Nairobi Half Life ya mwaka 2012 zinastahili kuwa na makao yasiyotegemea leseni ya kampuni iliyo ng'ambo.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haisikitikii mali peke yake. Inasikitikia pia ukosefu wa habari, yaani kupotewa na kitu pasipo hata kujua kwamba kimepotea. Wanakili wa Lamu waliwaachia wahakiki wa leo daftari hilo kwa upande wa tendi. Kwa upande wa filamu, daftari bado halijaandikwa, na walio na uwezo wa kuliandika ni wale ambao bado wana nakala.